Ofu baada ya zamu za usiku: ulale saa ngapi?

Nalinda geti saa 12 jioni hadi saa 12 asubuhi, siku sita kwa wiki. Siku yangu moja ya ofu nirudi kulala usiku kama watu wengine?

Usirudi moja kwa moja. Saa ya mwili, iliyomo ndani ya ubongo na inayopanga usingizi, joto la mwili na njaa, husogea polepole: kwa kawaida kama saa moja kwa siku, ikienda mbio mbili. Kati ya kutoka kazini Jumamosi asubuhi na kurudi Jumapili jioni una saa 36 tu. Ukiilazimisha igeuke, haifiki popote, nawe unaivuta tena ilikotoka. Ndiyo maana usiku wa kwanza baada ya ofu huwa mzito kuliko yote, na kichwa huanza kuanguka saa 10 alfajiri.

Kutaneni katikati. Tuseme siku za kazi unalala saa 2 asubuhi hadi saa 8 mchana. Usiku wa ofu kaa macho hadi saa 8 au 9, kisha lala mpaka saa 5 asubuhi, au saa 6 ukiweza. Ukipiga hesabu utaona kwamba kuanzia saa 2 hadi saa 5 au 6 uko usingizini kila siku, iwe ya kazi au ya ofu. Saa hizo tatu nne ndizo nanga yako, na hizo usiziuze. Siku ya kurudi kazini ongeza usingizi wa saa moja na nusu kuanzia saa 8 mchana.

Kukesha hadi saa 8 nyumbani hakuna ugumu kwa aliyezoea lindo: piga pasi, fua, tazama mechi za Ulaya. Taa ziwake, kwa sababu mwanga wa usiku huisogeza saa ya mwili mbele, kuelekea usingizi wa kuchelewa unaouhitaji.

Mimi ni muuguzi, nikimaliza zamu za usiku napata siku nne. Je?

Kwa siku tatu au zaidi, inafaa kurudi kwenye usiku. Makosa hufanyika asubuhi ile ya kwanza. Wengine hulala hadi saa 11 jioni, halafu saa 7 usiku wanatazama dari. Wengine hawalali kabisa, wanapitiliza sokoni au kwenye maziko wakiwa na saa 24 za kukesha mwilini, na hapo ndipo ajali za bodaboda huwakuta.

Lala kidogo tu: dakika 90 hadi saa mbili, isizidi saa tatu. Mzunguko mmoja wa usingizi huchukua takriban dakika 90. Ukiamshwa katikati yake, kwenye usingizi mzito, unaamka kichwa kama jiwe. Weka kengele, amka kabla ya saa 5 asubuhi, toka nje juani, kula chakula cha mchana saa ya kawaida, usisinzie tena. Saa 3 usiku utakuwa hoi, na hilo ndilo tunalolitaka. Usiku wa mwisho wa ofu chelewa kulala hadi saa 7 au 8, amka kwa kuchelewa, kisha pumzika dakika 90 mchana kabla ya zamu.

Jua lina kosa gani?

Mwanga ndio unaoiamuru saa ya mwili kuliko kitu kingine chochote. Uganda iko kwenye ikweta, hivyo jua huchomoza kati ya saa 12:20 na saa 1:15 asubuhi mwaka mzima. Hakuna msimu wa giza wa kukuokoa. Wiki ya kazi, ukitoka saa 12 usisimame kupiga soga na rolex (chapati ya mayai) mkononi hadi saa 2. Vaa kofia yenye ukingo, na miwani ya jua kama wewe ni abiria tu. Anayeendesha asivae miwani myeusi huku ana usingizi. Asubuhi ya kwanza ya ofu ndefu ni kinyume: hapo litafute jua.

Chumba changu ni cha mabati, kufikia saa 6 mchana ni tanuri.

Basi lala mapema, usingizi mwingi upite kabla ya joto. Zuia dirisha kwa blanketi jeusi au boksi lililofunguliwa, funga kitambaa machoni, oga maji ya uvuguvugu kabla ya kulala, lala upande wa mbali na ukuta unaopigwa na jua. Kelele za spika za jirani huzibwa kwa pamba masikioni. Kumwomba jirani husaidia zaidi, ila mwambie saa kamili unazolala.

Kahawa, mairungi (miraa), waragi (pombe kali), Piriton?

Kahawa na chai ni sawa mwanzoni mwa zamu. Baada ya saa tano hivi, nusu ya kafeini bado iko mwilini, kwa hiyo anayelala saa 2 asubuhi anywe kikombe cha mwisho saa 8 usiku. Mairungi huendelea kukuchangamsha baada ya zamu kwisha. Waragi hukuangusha haraka, kisha hukuamsha baada ya saa chache na kukupeleka chooni. Piriton ni dawa ya mzio, si ya usingizi. Uzito wake hukufuata hadi kazini.

Nameza dawa kila siku. Nizimeze saa ngapi?

Kwa dawa ya mara moja kwa siku, mathalani ARV (dawa za VVU), chagua saa ambayo uko macho siku zote, kama saa 11 jioni, usiibadilishe kwa sababu ya ofu. Kabla ya kuhama saa hiyo mweleze mhudumu wa kliniki yako. Wanaotumia insulini au dawa za kifafa wasijipangie wenyewe kabisa: kwa mwenye kifafa, kukosa usingizi peke yake huweza kuleta degedege.

Uchovu huu ni wa zamu au ni ugonjwa?

Uchovu wa zamu hupungua ukilala vizuri siku mbili tatu. Ukiwa na homa, baridi au maumivu ya viungo, pima malaria siku hiyo hiyo. Mlinzi wa usiku yuko nje saa ambazo mbu wa malaria huuma zaidi, kwa hiyo mikono mirefu na dawa ya kujipaka ni vifaa vya kazi kama tochi. Nenda kituo cha afya pia ikiwa unakoroma hadi kukabwa pumzi, umesinzia ukiendesha, au umekosa usingizi mwezi mzima hata siku za ofu. Nenda na karatasi yenye saa ulizolala na kuamka kwa wiki mbili zilizopita.