Mikoba ya Kitambaa Yenye Michoro: Namna ya Kulichunguza Soko la Mtandaoni Kabla ya Kununua Kitambaa

Mapema mwaka 2024, maduka ya vyakula ya Trader Joe's nchini Marekani yalitoa mkoba mdogo wa turubai uliouzwa dola 2.99. Mkoba huo ulipokwisha madukani, baadhi ya waliouwahi waliutangaza kwenye eBay, soko la mtandaoni, kwa mamia ya dola, na mtu aliyeziona bei hizo angeweza kuamini kwamba mikoba ya kitambaa imegeuka machimbo ya dhahabu. Bei iliyotangazwa, hata hivyo, ni ombi la muuzaji tu, na soko hupimwa kwa bei ambayo mnunuzi aliilipa. Msanii anayekusudia kuuza mikoba yenye michoro yake mtandaoni anapaswa kuishika tofauti hiyo kabla hajanunua hata mita moja ya kitambaa.

Bei zilizolipwa zinaweza kupatikana bila gharama. eBay ina kichujio kinachoonyesha vitu vilivyokwisha kuuzwa pamoja na bei zake. Katika Etsy, soko la kazi za mikono lililoanzishwa mwaka 2005 huko Brooklyn, kwa kawaida ukurasa wa duka huonyesha idadi ya mauzo yote tangu duka lifunguliwe, na maoni ya wanunuzi huwa na tarehe. Chagua maduka kama 20 yanayouza mikoba inayofanana na unayotaka kutengeneza, uandike daftarini bei, vipimo, gharama ya posta, kilichochorwa na tarehe ya maoni ya mwisho, kisha urudi baada ya mwezi mmoja na kuhesabu upya. Tofauti kati ya hesabu hizo mbili itakuonyesha mwendo wa duka kwa sasa, jambo ambalo jumla ya miaka kumi haiwezi kukuonyesha. Jihadhari pia na duka lenye mauzo mengi, kwa kuwa huenda sehemu kubwa yake ni kadi na stika. Yasome maoni yaliyoandikwa kuhusu mkoba wenyewe, ukikumbuka kwamba si kila mnunuzi huacha maoni.

Google Trends, chombo cha Google kinachoonyesha jinsi neno linavyotafutwa mtandaoni, nayo husaidia, lakini husomwa vibaya mara nyingi. Namba zake za 0 hadi 100 si idadi ya watu: 100 ni kilele cha utafutaji katika kipindi na eneo ulilochagua, na namba nyingine hupimwa dhidi ya kilele hicho. Itumie kulinganisha misimu na maneno. Mnunuzi wa London haandiki "mkoba". Huandika "tote bag" na kuongeza kile anachokipenda, iwe paka, uyoga au jina la mji wake, na neno hilo la pili ndilo lenye faida kubwa zaidi kwa mchoraji.

Katika maoni, mimi huanza na yale ya nyota tatu, kwa sababu mwenye nyota tano husifu tu na mwenye nyota moja mara nyingi ana ugomvi na posta. Wa nyota tatu hueleza kwamba mikanda haifiki begani, rangi imefifia baada ya kufuliwa, au kitambaa ni chepesi kuliko picha ilivyoonyesha. Uzito wa kitambaa hutajwa kwa gramu kwa mita ya mraba, ilhali Wamarekani hutumia aunsi kwa yadi ya mraba. Aunsi 1 kwa yadi ya mraba ni takriban gramu 34 kwa mita ya mraba, hivyo kitambaa cha aunsi 10 kina gramu kama 340. Kile cha gramu 140 ni cha mikoba inayogawiwa bure kwenye makongamano. (Kitambaa cha pamba kisichopaushwa sisi hukiita marekani au amerikani, kwa kuwa katika karne ya 19 wafanyabiashara wa Salem, mji wa bandari wa Marekani, walikileta Zanzibar kutoka viwanda vya nchi hiyo. Leo tunataka kukirudisha kikiwa na michoro.)

Baada ya bei, hesabu makato. Etsy hutoza dola 0.20 kwa kila tangazo, na asilimia 6.5 ya mauzo, posta ikiwemo. Mkoba wa dola 20 wenye posta ya dola 12 hukatwa dola 2.28 hata kabla ya ada ya malipo. Hakikisha pia kwamba soko unalolitaka linapokea wauzaji wa nchi yako na lina njia ya kukulipa. Upande wa forodha, tangu tarehe 29 Agosti 2025 Marekani imesitisha msamaha wa ushuru kwa vifurushi visivyozidi dola 800, na Umoja wa Ulaya hutoza Kodi ya Ongezeko la Thamani kwa bidhaa zote zinazoagizwa kutoka nje, hata za bei ndogo, tangu tarehe 1 Julai 2021.

Kuchunguza si kunakili. Hakimiliki hailindi mtindo, hivyo kuchora kwa mtindo wa Tingatinga si kosa, lakini kuchapa mchoro wa msanii fulani bila idhini yake ni kosa, hata kama ameuweka wazi mtandaoni.

Soko la nyumbani huhitaji mbinu nyingine. Tanzania Bara ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 1 Juni 2019, lakini nafasi yake sokoni ilichukuliwa na mifuko mbadala ya bei ndogo, na mkoba wenye mchoro hauwezi kushindana nayo. Mnunuzi wake ni yule anayenunua zawadi au vazi. Huyo yuko Instagram, ambako bei hufichwa nyuma ya maneno "njoo inbox". Nenda huko inbox kama mteja, uliza bei, vipimo na nauli ya kutuma mkoba mkoani kwa basi, na uyaandike majibu katika daftari lilelile.