Je, wajua kwa nini nanaa ya kwenye kopo inakufa katikati halafu inastawi pembeni?

Kama umewahi kuotesha nanaa (wengine tunaiita minti tu) kwenye ndoo au chungu cha maua hii lazima umeiona: mwaka wa kwanza inafunika kopo zima mpaka unagawia majirani, mwaka wa pili katikati vimebaki vijiti vikavu na majani yote yako ukingoni, kama kichwa cha mzee mwenye kipara. Wengi hapo wanadhani ina kiu, wanaongeza maji, wanaongeza mbolea, na ndo wanaimaliza kabisa.

Kumbe nanaa ni mmea unaohama. Kwenye shina inatoa vikonyo virefu vyenye pingili, vingine vinatambaa juu ya udongo, vingine vinapita chini kidogo na hivyo ni vyeupe, sasa kila pingili ikikuta unyevu inaotesha mizizi na chipukizi lake, yaani kila pingili ni mche unaojitegemea. Shina mama lenyewe linazeeka, linakuwa gumu kama kuni, watoto wameshaondoka. Ardhini haina shida, kila msimu inasogea mbele kwenye udongo mpya (ndo maana watu wa bustani wanaiogopa, inawameza jirani zake wote), ila kwenye kopo inafika ukutani, inakata kona na kuanza kuzunguka.

Mimi yangu siku moja niliipindua nikaipigapiga kitako, ikatoka nzima na umbo la ndoo vile vile, mizizi imejisuka pembeni kama ukili, udongo unautafuta huuoni. Na hapo ndo nikaelewa kwa nini nikimwagilia maji yalikuwa yanatokea chini fasta hivyo, yalikuwa yanateleza ubavuni tu, katikati pakavu kabisa!

Dawa yake ni kisu. Itoe, ikate vipande vinne kama keki, ile sehemu ya katikati iliyozeeka tupa, chukua kipande cha ukingoni chenye vikonyo vizima urudishie kwenye kopo na udongo mpya uliochanganywa na mboji. Kipande kimoja kinatosha, usiwe na tamaa. Fanya hivyo kila mwaka au miaka miwili.

Kopo lenyewe bora liwe pana kuliko refu maana mizizi haiendi chini sana, upana wa sentimita 30 hivi unatosha, na matundu chini ni lazima. Ila usiliweke moja kwa moja juu ya ardhi, mizizi itatoroka kwa hayo hayo matundu, panga vipande vya tofali chini yake.

Kuhusu mbegu, mi sizishauri. Peremende kwa mfano (aina ya nanaa, siyo pipi) ni chotara wa nanaa ya kawaida na nanaa ya majini, kwa kawaida haizai mbegu zinazoota, kwa hiyo ukiona pakiti imeandikwa mbegu za peremende jiulize mara mbili. Kata kijiti chini kidogo ya pingili, toa majani ya chini, kisimamishe kwenye glasi ya maji, ndani ya wiki moja au mbili utaona vinyuzi vyeupe vinachungulia palepale kwenye pingili.