Je, wajua kwa nini mafuta ya kupima ni ghali kuliko ya dumu?

Tuseme dumu la mafuta ya kula la lita 5 linauzwa Sh 30,000. Dukani kwa Mangi, mafuta yaleyale unapimiwa ya Sh 500, na lita moja inatoa vipimo 15. Nyumba inayotumia vipimo viwili kwa siku humaliza vipimo 60 kwa mwezi, yaani lita 4. Pesa iliyotoka ni Sh 30,000 zilezile za dumu, ila lita nzima hamkuiona.

Imeenda wapi? Si lazima Mangi awe mwizi. Dumu kalifungua kwa mtaji wake, mengine yanagandia kwenye kipimo, kifuko anatoa yeye, na saa tatu usiku bado anakuhudumia dirishani. Hayo yote unayalipia bila kuyaona. Mkaa wa kopo na wa gunia ni hesabu hiyohiyo. Hata kwenye simu, makato ya kutoa pesa hupangwa kwa viwango, hivyo anayetoa kidogo mara nyingi hukatwa zaidi ya anayetoa kwa mkupuo. Nairobi wamepata njia ya kukwepa sehemu ya mzigo huu: kwenye mashine za kupimia maziwa, zile wanazoziita ATM, mtu hununua ya pesa aliyonayo bila kulipia pakiti.

Basi kwa nini watu hawanunui dumu? Wapo wanaojibu haraka kwamba wenye kipato kidogo hawajui kupanga. Mimi sikubali. Anayelipwa kwa siku hununua kwa siku, na akibahatika kushika 30,000 kwa mpigo, kodi na ada ya shule zimeshasimama mlangoni. Kuna na sababu nyingine ambayo wenye magari ya kwenda kununua kwa jumla huisahau: dumu likikaa jikoni, mkono unakuwa mwepesi. Leo maandazi, kesho chapati, keshokutwa jirani kaja na kikombe. Kipimo ni ghali, lakini kinazuia.

Anayetaka kutoka huko aanze na kitu kimoja tu. Dumu la kwanza ndilo gumu, na hapo upatu unasaidia: watu 10 wakichanga Sh 3,000 kila mmoja kwa wiki, zamu yako ikifika unashika 30,000. Likishafika nyumbani, mimina ya wiki kwenye chupa, lenyewe lifungie chumbani. Halafu, na hapa ndipo wengi wanapokwama, ile Sh 1,000 ya mafuta ya kila siku endelea kuitoa kana kwamba bado unakwenda dukani, ila sasa iingie kwenye kibubu. Kwa matumizi yaleyale, lita 5 zinafika siku ya 37. Siku ya 30 kibubu kina 30,000, na lita moja bado ipo.

Usifanye hivyo kwa kila kitu, lakini. Maharage yakikaa sana hubunguliwa. Sukari kwenye nyumba yenye watoto, kilo 5 huisha karibu upesi sawa na kilo 2. Na nyanya nunua fungu la leo.