Kilo 300 za toroli lako ni za kwenye malumalu

Wiki hii amekuja wa tatu. DJ wa harusi, kijana mstaarabu, kashuka kwenye bajaji na toroli lililopinda uma wa gurudumu la mbele. Kabla sijamsogezea kigoda keshaanza: "Fundi, hili limeandikwa kilo 300. Mimi nilipakia 200 tu. Wameniuzia feki." Nikamuuliza lilipindia wapi. Mlangoni mwa ukumbi, kwenye kizingiti. Wala sikushangaa.

Kazi yangu ni kuchomelea na kukarabati matoroli ya mziki hapa Dar, na kabla ya hapo nilibeba spika kwa mgongo kwa muda wa kutosha kujua zinavyouma. Naandika haya mara moja, ili atakayeniuliza tena nimtumie tu.

"Limeandikwa kilo 300, basi linatosha." Kati ya kauli ninazoletewa na wateja, hii ndiyo inayonichosha kuliko zote. Namba hiyo ni ya mzigo unaotembezwa taratibu juu ya sakafu ngumu iliyonyooka. Haisemi lolote kuhusu kizingiti, pevingi zilizotitia, kokoto za maegesho, wala ule mfereji uliofunikwa kwa nondo nyuma ya ukumbi, ambako ndiko mlango wa vifaa ulipo siku zote. Hapo mwenye kauli ni gurudumu, tena kimo chake.

Twende kwa hesabu. Toroli lina magurudumu manne na mzigo wa kilo 200 uliopangwa sawasawa, kwa hiyo mawili ya mbele yamebeba 100. Yanakutana na kizingiti cha sentimita 2. Ukisukuma taratibu bila kujirusha, magurudumu ya kipenyo cha sentimita 10 yanakudai nguvu ya kama kilo 133 ndipo yapande. Ya sentimita 7.5 yanadai 190. Ya sentimita 25 yanaridhika na 65 hivi. Na vile vya viti vya ofisi, vya sentimita 5, ambavyo watu wananiletea mfukoni huku wakitabasamu kwamba wameokoa hela? Karibu kilo 490. Kizingiti ni kilekile na mzigo ni uleule. Tofauti ni kwamba gurudumu dogo linakigonga kizingiti karibu na usawa wa ekseli, kwa hiyo unasukuma ukuta. Gurudumu kubwa linakikuta chini, linakikanyaga.

Sasa kwa kuwa hakuna mtu wa kusukuma kilo 190, kijana anarudi nyuma hatua tatu anakuja kwa kasi. Toroli linasimama, spika ya juu inaendelea na safari. Kama ilifungwa vizuri haianguki, lakini kishindo chote kinaingia kwenye uma wa gurudumu, na wiki inayofuata naletewa mimi na kuambiwa ni feki.

Kuna na hesabu ya pili ambayo hata mafundi wenzangu wanaikosea. Magurudumu manne yaliyoandikwa kilo 100 kila moja hayakupi 400. Sakafu zetu zina mabonde. Muda mwingi gurudumu moja linaelea au limegusa tu kwa heshima. Piga kwa matatu, upate 300, halafu toa uzito wa toroli lenyewe. Hapo ndipo uanze kupakia.

Na wengi hawajui hata wanachopakia. DJ anawazia meza yake: CDJ-3000 moja, ile mashine ya kuchezea nyimbo, ni kilo 5.5, mbili ni 11, mixer ya DJM-900NXS2 ni kilo 8, jumla 19, na sanduku lake. Anaona mzigo mwepesi. Lakini anayekuja kwangu na toroli lililovunjika huwa alibeba besi, zile za mbao zenye spika mbili za inchi 18, ambazo moja tu mara nyingi inapita kilo 80. Azima mizani ya gunia pale sokoni upime kila kipande mara moja, uandike kwa maka-peni nyuma ya boksi. Nimelisema hili mpaka nimechoka.

Wapo pia wanaonionyesha kwenye simu picha ya toroli la Rock N Roller la Marekani, lile la R12 la pauni 500, yaani kama kilo 227, na kuniambia niwatengenezee kama hilo ila la kilo 400, na magurudumu yawe madogo ili likunjike liingie nyuma ya Noah. Naweza kukutengenezea fremu ya kilo 400 kwa chuma cha mraba cha inchi moja na nusu na marini bodi ya milimita 18 juu yake. Kwa magurudumu hayo utaishia getini. Kwangu mimi yale yasiyogeuka yasipungue sentimita 20, na yanayogeuka yasipungue sentimita 12.5. Ukifika kwenye kizingiti, tanguliza makubwa, na uvute badala ya kusukuma. Kuvuta kwa mkono ulioinuka kidogo kunapunguza uzito unaokanyaga gurudumu la mbele. Kusukuma ukiwa umeinama kunauongeza.

"Yote manne yageuke, ndiyo rahisi." Rahisi jukwaani, pale unapotaka kuingiza besi kwenye kona. Kwenye korido ndefu au mahali penye mteremko wa pembeni, toroli la hivyo linatembea kama kaa. Mawili yageuke, mawili yasigeuke, na anayesukuma akae upande wa yanayogeuka.

"Ya upepo ndiyo mwisho wa maneno." Nayapenda, sikatai. Lile lenye namba 4.10/3.50-4 ubavuni, la kipenyo cha kama inchi 10, linapita kwenye kokoto vizuri na linapunguza mtikisiko kwa mixer. Ila lina pancha, na pancha haichagui saa. Kwa kawaida ni saa tisa usiku, mnapakua. Tena likikaa na upepo mdogo linakuwa zito kuliko la plastiki ngumu. Kiwango cha upepo kimeandikwa ubavuni mwa tairi, kisome. Asiye na pampu kwenye gari achukue mpira usio na upepo. Mchangani, kule ufukweni Kigamboni, hata la upepo lina kikomo chake. Beba vipande viwili vya marini bodi, kimoja kikiwa chini ya toroli kingine kinatandikwa mbele, mnapokezana hadi jukwaani. Ni polepole, lakini mtafika.

"Mimi nina vijana wanne, toroli la nini?" Hao wanne wanaanza wakiwa wanne. Saa tisa usiku wanabaki wawili, mmoja amekula vizuri kwenye sherehe na mwingine anataka nauli. Besi ikidondoka mkono mmoja, inayopasuka ni kona, au mguu wa mtu.

"Lina breki." Breki inazuia gurudumu lisizunguke. Haizuii toroli lisiteleze, na kwenye ubao wenye vumbi linateleza vizuri tu huku magurudumu yamefungwa. Kitanda cha Kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, kikiwa sentimita 70 kutoka ardhini na ubao wako una mita 2, mzigo wa kilo 100 unakuvuta kwa kilo 35 muda wote unaposhuka. Ongeza ubao ufike mita 3, inashuka hadi kama 23. Anayezuia akae juu, avute kurudi nyuma. Chini ya toroli asisimame mtu kabisa, hata wa "kusaidia kidogo". Na ukiliacha kwenye mteremko weka kabari mbili za mbao.

Uzito chini, mwepesi juu. Hili wanalijua, isipokuwa wakiwa na haraka, na mwenye mziki huwa na haraka kila siku.

La mwisho ni mpira wa tyubu, ule wa bodaboda. "Fundi, si nimefunga?" Umefunga, lakini kitu kinachovutika hakishiki, kinabembeleza. Kwenye pevingi spika inaanza kuyumba, mpira unaifuata inakoyumba, na kila tuta linaongeza. Tumia mkanda usiovutika wenye kikazio cha meno, miwili, ukipitisha chini ya fremu na siyo kwenye mshikio wa spika. Mshikio uliwekwa kwa ajili ya mkono.

Yule kijana aliniomba ninyooshe uma tu, ana harusi Jumamosi. Nimemwekea magurudumu ya inchi 8 yasiyogeuka na ya inchi 5 yanayogeuka. Amelalamika kwamba sasa toroli limepanda na haliingii chini ya kiti. Nimemwambia akilaze kiti.