Hela ya kulipa hatifungani za majimbo Marekani: watu wanavyodhani na ilivyo

Dhana: gavana akikwama anachota tu kwenye mfuko wa kulipia hatifungani (hati ambazo jimbo linauza ili kukopa hela kwa wawekezaji).

Ukweli: hachoti kirahisi hivyo. Chukua Illinois. Sheria yao inataka kila mwezi hela ihamishwe kwenda mfuko wa pembeni, moja ya 12 ya deni lenyewe (bila riba) linalofuata kulipwa na moja ya 6 ya riba inayofuata (riba inalipwaga kila miezi sita), kwa hiyo siku ya malipo inafika hela ishakusanyika zamani. Sasa 2015 hadi 2017 gavana Bruce Rauner na bunge wakavutana mpaka jimbo likakaa miaka miwili bila bajeti kamili, vyuo vikuu vya umma vikapunguza wafanyakazi, wazabuni wakasota, bili zisizolipwa zikaja kupita dola bilioni 16, ila wenye hatifungani walilipwa yao yote tena kwa tarehe. Ndo maana nasema ulinzi huu sio wa bure, kuna watu wanaulipia na wala sio wawekezaji.

Dhana: basi mwenye hatifungani ndo wa kwanza kila mahali.

Hapana, California katiba inatanguliza shule za umma, hatifungani za jimbo zinafuata. New York nako bunge likigoma kuidhinisha malipo, katiba inamwamuru mkaguzi mkuu wa hesabu wa jimbo atenge hela hizo mwenyewe kutoka mapato ya kwanza yanayoingia.

Dhana: hela ikiwa imekaa inachezeshwa kwenye hisa ipate faida.

Wapi! Mara nyingi inawekwa kwenye hati za mkopo za serikali kuu, na zipo hati maalumu ambazo Hazina ya serikali kuu inawauzia majimbo na miji tu. Tena ukikopa kwa riba ndogo isiyotozwa kodi ukaenda kuwekeza kwa riba kubwa, ile ziada kwa kawaida unairudisha serikali kuu.

Dhana: jimbo likishindwa linaomba kufilisika kama Detroit 2013.

Detroit ni mji bana, sheria ya kufilisika haiwahusu majimbo kabisa.

Dhana: jimbo haliwezi kushindwa kulipa.

Linaweza. Miaka ya 1840 yalishindwa manane, Pennsylvania na Maryland zikiwemo. Halafu Arkansas, ilibeba madeni ya barabara za wilaya mwaka 1927, mdororo wa uchumi ukaja, 1933 ikashindwa kulipa. Mwaka uliofuata wapiga kura wakabadili katiba, serikali ya jimbo isitoe hatifungani bila wao kuipigia kura kwanza.