Viungo vya majani vya Kigiriki: ni nini, na vinatengenezwaje ukiwa Mtwara

Ukiulizia viungo kwenye soko lolote la Mtwara au Lindi, muuzaji atakupimia mbegu, magome, mizizi na matumba ya maua: jira, giligilani, iliki, mdalasini, karafuu, manjano. Majani yapo, ila yanakaa upande wa mboga, mabichi, yamefungwa mafungu. Viungo vya Kigiriki vinakwenda kinyume na hapo. Msingi wake ni majani makavu, na vingine vyote vinakuja kuyasindikiza. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua jinsi ya kuvikausha, kuvisaga, na hata wakati wa kuvitia chakulani. Mtu akivikaanga kwenye mafuta ya moto kama anavyofanya na bizari ya pilau, majani yanaungua upesi na chakula kinakuwa kichungu.

Basi tunaposema viungo vya Kigiriki tunamaanisha mchanganyiko wa majani makavu yenye harufu, unaoongozwa na oregano, ukaongezewa kitunguu saumu kikavu, pilipili manga na mara nyingi ganda la limau. Hutiwa kwenye nyama, kuku, samaki, viazi na saladi. Hakuna kipimo kimoja kinachokubaliwa na wote. Huko Ugiriki kwenyewe, jikoni mwa watu wengi oregano hukaa peke yake na mpishi huongeza mengine kadiri ya chakula. Kopo la mchanganyiko uliokwisha kutayarishwa limepata umaarufu zaidi nje. Cavender's, kwa mfano, hutengenezwa jimbo la Arkansas, Marekani, na ile ya kawaida ina chumvi na MSG (kikoleza ladha cha kiwandani) ndani yake. Hiyo ni sababu tosha ya kutengeneza wako: unajua kilichomo, na chumvi unaipima mwenyewe.

Oregano inahitaji maelezo ya kutosha, maana ikikosewa hii, mengine hayaokoi kitu. Ni mmea mdogo wa jamii moja na nanaa na mrehani. Ugiriki huota wenyewe kwenye vilima vikavu vya mawe, hukatwa wakati wa kiangazi ukiwa na maua, kisha hufungwa vishada na kutundikwa kivulini. Harufu yake inatokana na mafuta yaitwayo karvakroli na thimoli. Mafuta hayo hayapotei kirahisi jani likikauka, ndiyo maana oregano kavu hupendwa kuliko mbichi. Majani laini kama kotimiri hayako hivyo. Yakikauka hubaki na rangi tu, ladha imekwenda.

Kuna oregano ya Meksiko pia, na hiyo ni mmea mwingine kabisa wa ukoo tofauti, wenye ladha inayoelekea ndimu. Si mbaya, lakini chakula hakitakuwa cha Kigiriki. Na kuna ule mmea wa kwenye makopo ya maua, wenye majani manene yenye vinyweleo, ambao ukiufikicha unanukia karibu sawa na oregano. Unanukia hivyo kwa sababu nao una karvakroli. Tatizo ni kwamba jani lake limejaa maji. Linakauka polepole na mara nyingi linaota ukungu kabla halijakauka. Huo utumie mbichi, majani mawili matatu kwenye mchuzi, usiuweke kwenye chupa.

Oregano kavu utaipata kwenye pakiti ndogo katika maduka makubwa ya mjini, au umwagize mtu anayetoka Dar es Salaam. Lakini kupanda ni bora zaidi, na udongo wa kichanga wa pwani yetu hauko mbali na unachotaka. Chukua ndoo iliyotobolewa chini, changanya mchanga na samadi kidogo tu, weka juani, mwagilia pale tu udongo wa juu unapokauka. Mvua za masika ndizo adui: mizizi ikikaa majini inaoza, kwa hiyo ndoo isogezwe chini ya upenu. Kusini tuna msimu mmoja mrefu wa mvua, kuanzia mwishoni mwa mwaka mpaka Aprili au Mei hivi, na baada ya hapo kipupwe kinaingia. Juni hadi Agosti upepo wa kusi unapovuma, jua si kali sana na hewa imepungua unyevu. Huo ndio wakati wa kukata na kukausha.

Hapa mkulima wa korosho inabidi abadili mazoea. Korosho tunazimwaga juani kwenye jamvi, siku mbili tatu, mpaka ukiitikisa karibu na sikio inalia. Majani hayataki hivyo. Jua la moja kwa moja linayapausha na kuyaondolea mafuta yale yale tunayoyatafuta. Kata matawi asubuhi, umande ukishakauka. Funga vishada vyembamba, kwa sababu kishada kikinenepa katikati panabaki unyevu. Vitundike kichwa chini mahali penye kivuli na upepo, mbali na moshi wa jiko. Baada ya wiki moja hadi mbili, chukua jani moja ulifikiche kati ya kidole gumba na cha shahada. Likitoa mlio mdogo na kuwa chembechembe, tayari. Likijikunja tu kama kitambaa, liache. Kijiti nacho kivunjike, kisipinde.

Njia salama ya kuhakikisha ni kutia majani kwenye chupa ya kioo, kuifunga na kuiacha kwa siku moja au mbili. Ukiona ukungu wa maji kwenye kioo, yatoe yote uyaanike tena. Kwa unyevu wa Mikindani au Kilwa, hatua hii usiiruke.

Thaimu na rozimeri, majani mengine yenye harufu yanayoingia kwenye mchanganyiko huu, hukaushwa vivyo hivyo, na zote mbili hushika harufu vizuri. Jani la rozimeri likikauka linakuwa gumu na lina ncha, kwa hiyo litwange kwanza. Nanaa tunayo, kidogo inatosha. Mrehani nao tunao, ule ule unaotiwa kwenye kikuba pamoja na asumini, ila aina zinatofautiana sana: mwingine una harufu tamu inayofaa chakula, mwingine unaelekea karafuu au kafuri. Onja jani kabla hujaamua. Kivumbasi kiache kiendelee na kazi yake ya kufukuza mbu, ukali wake unafunika kila kitu.

Kitunguu saumu, tofauti na majani, jua kali halikiharibu. Kimenye, kikate vipande vyembamba sana, vitandaze kwenye ungo na ufunike kwa chandarua kuzuia nzi. Usiku viingize ndani, la sivyo vitanyonya unyevu tena. Vikivunjika kama kaukau, twanga kwenye kinu na uchekeche. Ganda la limau nalo hukaushwa hivyo, lakini kwaruza ile sehemu ya njano peke yake. Nyeupe ya chini ni chungu.

Kipimo changu ninachokiamini: vijiko vikubwa vitatu vya oregano, kimoja cha thaimu, kimoja cha mrehani, vijiko viwili vya chai vya kitunguu saumu cha unga, kimoja cha chai cha rozimeri iliyotwangwa, kimoja cha nanaa, kimoja cha ganda la limau, na nusu ya pilipili manga. Wengine hutia shibiti, wengine mdalasini kiasi cha kushika kwa vidole viwili, hasa kwa nyama ya kondoo. Angalia kwamba oregano ni karibu nusu ya yote. Ikipungua hapo, mchanganyiko unapoteza utambulisho wake.

Majani usiyapeleke kwenye mashine. Yafikiche kwa viganja mpaka yabaki chembe kama majani ya chai, basi. Yakiwa unga mafuta yake hutoroka upesi, na kwenye samaki unakuwa tope. Chumvi usiitie kwenye chupa; hewa ya pwani inaifanya ivute maji, halafu kila kitu kinashikana. Tumia chupa ya kioo yenye mfuniko wa kubana, iweke gizani, isiwe juu ya jiko. Usiitikise juu ya sufuria inayofuka mvuke. Chota kwa kijiko kikavu. Miezi sita ladha itakuwa bado nzuri.

Kwa pweza ndipo utaelewa kwa nini nimejisumbua na haya yote. Waorthodoksi wa Ugiriki huacha nyama wakati wa Kwaresima, na samaki pia siku nyingi, lakini pweza anaruhusiwa. Humchoma kwenye makaa na kumla kwa mafuta ya zeituni, limau au siki, na oregano. Sisi wa Msimbati, Songosongo na Kilwa pweza tunaye, makaa tunayo. Mchemshe kwa moto mdogo bila kuongeza maji, atoe maji yake mwenyewe mpaka kijiti kipenye kwenye mkono ulio mnene. Mpake mafuta, mchome haraka mpaka ncha za vinyonyeo ziwe nyeusi. Viungo vinakuja akishatoka motoni: vijiko vitatu vya mafuta, kimoja na nusu cha maji ya limau, kijiko cha chai cha mchanganyiko, chumvi. Piga kwa uma mpaka yashikane, mwagia pweza angali wa moto. Mafuta ya zeituni yakiwa ghali, alizeti inafaa, ila ongeza limau kidogo.

Samaki kama changu asilowekwe kwenye limau na mchanganyiko huu zaidi ya nusu saa, nyama yake inageuka nyeupe na kuwa kavu kabla ya kufika motoni. Kuku anastahimili saa kadhaa, mbuzi usiku mzima. Kabla ya kuchoma, pangusa majani ya juu yasiungue, na ubakishe mchanganyiko mwingine wa kunyunyizia mwishoni. Na jambo moja la usalama: ukitaka kutengeneza mafuta yenye viungo ya kuweka kabatini, usitumbukize kitunguu saumu kibichi ndani yake. Ndani ya mafuta hakuna hewa, na bakteria wa botulizimu huweza kustawi na kutoa sumu bila harufu wala rangi kubadilika. Mafuta ya namna hiyo yachanganywe yanapohitajika na yaishe siku hiyo hiyo.

Wasiokula nyama wajaribu mbaazi. Zichemshe zilainike bila kupondeka, chuja, tia kitunguu maji kilichokatwa, nyanya, mafuta, limau na kijiko kidogo cha mchanganyiko huo zikiwa bado vuguvugu, kisha ziache robo saa majani yalainike.