Sikukuuliza Kama Anauma

"Usiogope, haumi."

Nimeisikia tena wiki hii, mlangoni mwa supamaketi moja hapa Nyali. Mama wa watu amejibana ukutani, buibui amelikusanya kwa mkono mmoja, mkono wa pili umeshika mfuko wa maziwa. Mwenye mbwa, kijana mwenye adabu zake zote, kamba imemlegea mkononi, mbwa keshafika miguuni kwa mama ananusa, naye anatabasamu: usiogope mama, haumi. Mama alipozidi kurudi nyuma, kijana akanigeukia mimi, kama anayetafuta shahidi. Sikumpa ushahidi. Kazi yangu ni kufundisha mbwa, na wateja wangu mwenyewe, niliowafundisha "kaa" na "lala" na "njoo" mpaka sauti ikanikauka, nao wanaisema sentensi hii. Basi leo naandika, nikimaliza nipumue.

Hakuna aliyekuuliza kama anauma. Mama yule alikuwa anasema, kwa mwili wake mzima, kwamba hataki kuguswa na mbwa wako. Hilo halihitaji sababu, na si juu yako kulipima kama ni la maana au la kijinga. Ulitakiwa kuvuta kamba na kusema "pita mama, nimemshika." Maneno matatu. Mtu akisikia "nimemshika" mabega hushuka hapo hapo. Akisikia "haumi" anajua kwamba hukumshika.

Na hapa pwani, jamani, mara nyingi jambo lenyewe halihusu meno hata kidogo. Hili ndilo linaloniudhi kuliko yote, kwa hiyo mtanivumilia nikilikalia.

Waislamu wengi wa huku ni wa madhehebu ya Shafi. Kwa Shafi mbwa ni najisi nzito: mate yake, na manyoya yake yakiwa na unyevu. Nguo au kiungo kikipatwa na unyevu huo huoshwa mara saba, mara moja kati ya hizo kwa maji yaliyochanganywa na udongo. Sasa fikiria pua ya mbwa. Pua hiyo kwa kawaida ina unyevu, na ndicho kitu cha kwanza kinachomfikia mtu. Adhuhuri inakaribia, mama ana nusu saa afike nyumbani apike na kusali, na mbwa wako amempaka pua kwenye pindo la buibui. Umemwongezea kazi ya kufua mara saba na kutafuta udongo, kisha unamwambia asiogope. Haogopi! Amekasirika, na ana heshima tu ndiyo maana hasemi.

Mteja mmoja aliyehamia huku kutoka bara aliniambia nisimletee mambo ya kale, kwamba kwao watu hutembeza mbwa wao msitu wa Karura, Nairobi, na hakuna anayelalamika. Ni kweli hutembezwa, wakiwa kwenye kamba, na walioingia msituni wanajua watakutana na mbwa. Aliyetoka kununua unga hakujiandikisha kukutana na mbwa.

Lakini tusemezane na upande wa pili pia, maana kuna watu wetu wanaotia chumvi. Mbwa kupita karibu nawe hakutengui udhu. Manyoya makavu yakigusa nguo kavu, najisi haihami. Hata ukiguswa na pua yenye maji, udhu wako uko pale pale. Unachotakiwa ni kuosha palipoguswa. Na hayo ni kwa Shafi. Kwa madhehebu ya Malik mbwa aliye hai si najisi, na kule kuosha chombo mara saba wanakufanya kwa kuitii amri, si kwa unajisi. Kurani yenyewe, katika Sura ya Al-Maida, inaruhusu kula alichokamatiwa mtu na mnyama wa kuwinda aliyefundishwa. Nasisitiza hilo la kufundishwa kwa sababu za kibiashara. Na wale vijana wa pangoni katika Al-Kahf walikuwa na mbwa wao, amelala kizingitini. Mimi si sheikh, muulize wako. Ila anayemrushia jiwe mbwa aliyeshikwa kamba kisha akasema ni dini, asiwasingizie masheikh.

Kanuni ninayowapa wateja ni hii: kamba fupi, mbwa upande wa ukuta, wewe katikati yake na watu, na mita mbili kati yenu na yeyote asiyekuomba kusogea. Barabara za Nyali inawezekana. Mji wa Kale, kwenye vichochoro ambavyo watu wawili wanapishana kwa kugeuza bega, haiwezekani, na hapo sina jawabu safi. Huwaambia wasipite na mbwa nyakati za sala, hasa Ijumaa mchana. Wenzangu wawili watatu wa fani hii wanaona nimezidisha, kwamba mbwa wa mjini ni lazima azoee msongamano. Huenda. Lakini mbwa akishazoea, watu wamezoea?

Sasa meno.

Kila mwaka wapo wanaoniomba niwaandikie cheti kwamba mbwa wao haumi, wengine wakiwa na fomu ya nyumba ya kupanga mkononi. Siandiki. Siwezi kuandika. Ninachoweza kusema ni nilichomwona akifanya siku ile, mahali pale. Mbwa mpole wa sebuleni ukimwingiza dukani umempa sakafu ya vigae inayomtelezesha kucha, toroli zinazogongana nyuma yake, harufu ya bucha ambayo kwake ni kelele, na mtoto anayekimbia na sambusa iliyo sawasawa na mdomo wake. Huyo si mbwa yule wa sebuleni. Wewe hujawahi kukutana naye, na mimi pia sijawahi.

"Lakini anatikisa mkia!" Ndiyo, anatikisa. Mwaka 2007 watafiti wa Italia, Quaranta, Siniscalchi na Vallortigara, walipima mikia ya mbwa kwa kamera. Mbwa akimwona mwenye wake, mkia ulipepea zaidi kuelekea kuliani kwake; akionyeshwa mbwa mgeni mwenye kujigamba, ulielekea zaidi kushotoni. Kote kote mkia unatikisika. Kutikisa mkia maana yake ni kwamba mbwa amesisimka, na kusisimka kuna namna nyingi, mojawapo inaishia kwa sindano za daktari. Mkia uliosimama wima, mgumu, unaotetema kwa haraka nchani, huo mimi siuletei mkono.

Nami nakiri: hiyo kulia na kushoto, nikiwa nimesimama mlangoni mwa duka, siioni. Waliiona kwa kamera. Na Japanese Spitz, ambao wamejaa mijini siku hizi, mkia wao umejikunja mgongoni kwa maumbile. Rottweiler wengi wamekatwa mikia wakiwa wachanga. Utausoma wapi? Mimi hutazama mwili. Mbwa aliyekuwa anahema mdomo wazi akaufunga ghafla. Aliyeganda. Anayegeuza kichwa pembeni lakini jicho limebaki kwako, mpaka weupe unaonekana. Anayejilamba midomo na hakuna chakula. Mkufunzi wa Norwei, Turid Rugaas, alieneza orodha ndefu ya ishara za aina hii, na wakufunzi wa mbwa duniani kote wanaikariri. Ukweli wa jikoni ni kwamba hatukubaliani. Mbwa akipiga miayo, mimi nasema ana wasiwasi, mwenzangu anasema ana usingizi, na video ni ile ile moja. Kuganda tu ndiko ambako sijaona mtu wa fani akibishia. Akiganda, mwondoe. Usimkaripie, mwondoe. Na akinguruma usimpige: amekupa taarifa bure, ukimwadhibu kwa taarifa hiyo, siku nyingine hataitoa.

"Anataka kusalimia tu." Mbwa anayekuvuta bega litoke ili amfikie mtu hajui kusalimia, anajua kuvuta. Na akifika kila anapovuta, umemlipa.

Mambo ya dukani nitayapitia haraka, maana yanajulikana, watu hawataki tu. Duka lina mwenyewe. Akisema hapana, ni hapana, na askari wa mlangoni usimgombeze, ametumwa. Bucha na mahali pa chakula cha wazi usiulize hata. Kamba zile za kujikunja zenyewe, zinazomwachia mbwa mita tano, ziache nyumbani. Mita tano ni mbwa ameshapinda kona ya rafu ya sabuni na wewe bado uko kwenye mchele. Ngazi za umeme msipande: meno ya pale juu hunasa kucha na nyama ya kidole. Mbebe, au tumieni lifti. Kinyesi unakiokota wewe, si mfagiaji. Na mbwa wanaonusa magari kwenye mageti ya majumba ya maduka, tuliowazoea zaidi tangu shambulio la Westgate la Septemba 2013, wako kazini. Usimsogeze wako "wajuane."

Vizibao. Kuna wimbi jipya: kizibao chekundu kilichoagizwa mtandaoni, kimeandikwa kwa Kiingereza kwamba huyu ni mbwa wa huduma, na mwenyewe anaingia nacho popote kifua mbele kwa sababu "Marekani inaruhusiwa." Marekani nako soma vizuri. Sheria yao ya watu wenye ulemavu inamlinda mbwa aliyefundishwa kazi mahususi inayohusu ulemavu wa mtu: kumwongoza asiyeona, kumlinda anayepatwa na kifafa. Mwenye duka haruhusiwi kudai cheti, na kizibao hakihitajiki kabisa. Anaruhusiwa kuuliza mawili: je, mbwa huyu anahitajika kwa sababu ya ulemavu, na amefundishwa kufanya kazi gani. Mbwa wa kuliwaza moyo tu hahesabiwi. Na hata mbwa halali wa huduma, akivurugika na mwenyewe asimdhibiti, anatolewa nje. Kwa hiyo kizibao chako, huko ulikokinukuu, hakina uzito wowote. Anayeumia ni asiyeona halisi atakayekuja kesho na mbwa halisi. Hapa kwetu mbwa hao ni adimu mno, na askari atakuwa ameshadanganywa mara tatu.

Akikataliwa mlangoni, usimfungie kwenye gari. Nimechoka na hili. Utafiti wa madaktari wa Stanford wa mwaka 2005 ulionyesha joto ndani ya gari lililoegeshwa juani hupanda kwa wastani wa nyuzi 22 za Selsiasi ndani ya saa moja, sehemu kubwa ya hizo ndani ya nusu saa ya kwanza, na kushusha vioo kidogo hakukusaidia kitu. Ongeza 22 kwenye 32 za Mombasa ya Februari. Mbwa hupoa kwa kuhema. Hewa anayoivuta ikiwa ya moto, hana njia nyingine ya maana. Kumfunga nje kwenye nguzo nako kunamwacha peke yake na kila mtoto anayepita na kijiti. Mwache nyumbani. Hakuna mbwa aliyewahi kuomba kupelekwa kununua sukari.

Wanaoogopa nao msiwacheke. Kichaa cha mbwa kilithibitishwa kwa mara ya kwanza Kenya mwaka 1912, kwa mbwa, viungani mwa Nairobi, na hakijaondoka. Duniani huua watu wapatao 59,000 kwa mwaka kwa makadirio ya wataalamu, na kati ya wagonjwa 100, 99 wamekipata kwa mbwa. Dalili zikishaanza, karibu hakuna anayepona. Mtu aliyekulia kijiji kilichowahi kumzika mtoto kwa ajili hiyo haponi woga kwa kuambiwa mbwa wako Simba ana miaka minne na anapenda watoto. Chanja kila mwaka, kadi iwe mfukoni, na mkwaruzo wowote, hata kama "alikuwa anacheza", uoshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kisha hospitali. Hapo usijadili.

Limebaki la watoto wa mbwa, na hapa ndipo ninapolala vibaya. Tunajua tangu kazi ya Scott na Fuller kule Marekani, iliyochapishwa 1965, kwamba kuna dirisha, takriban wiki ya tatu hadi ya kumi na mbili, ambapo mtoto wa mbwa anajifunza dunia ni kitu gani. Asipoona watu, toroli na pikipiki wakati huo, ukubwani atabwekea kila kitu. Chama cha madaktari wa tabia za wanyama cha Marekani kinasema aanze madarasa akiwa na wiki saba au nane, ilimradi amepata chanjo ya kwanza angalau siku saba kabla. Vizuri. Lakini wao hawana mitaa yetu, na parvo ya mitaa yetu, ugonjwa wa virusi unaowaharisha mbwa, inachukua mtoto wa mbwa mzima mzima ndani ya siku chache. Daktari wa mifugo ninayefanya naye kazi anasema asiguse ardhi ya nje mpaka chanjo zote zikamilike, yaani dirisha likiwa limeshafungwa. Mimi nasema mbebe: mkae naye kwenye kiti nje ya duka, mapajani, aone buibui, aone kanzu, asikie adhana na honi ya matatu, asiguse ardhi wala asiguse mtu. Daktari ananuna. Bado tunabishana, na wateja wetu, kila mmoja anamsikiliza aliyemwona mwisho.